Jogoo wa Meza Kumi na Nne

Vijana mlioajiriwa na idara juzi, mmenitumia ujumbe mkiuliza kazi hii ya kukusanya data mtu anaianzaje. Anaianza kwa kuvaa viatu vya kufunga kamba. Mimi siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kanisani, mvua ikanyesha, tope la makazi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, likameza kimoja, na mahojiano yangu matatu ya kwanza katika utafiti wa chuo kikuu niliyafanya na mguu mmoja mtupu. Mtu wa kwanza aliniuliza kama natafuta msaada. Wa pili hakuuliza, alinipa mihogo. Wa tatu alikuwa shemeji yangu, akacheka mpaka nikasahau swali la nne, na fomu yake mpaka leo haina jibu la nne.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Furaha. Nilitoka Kivu ya Kusini na watoto wawili na beseni moja. Nakivale nimelima mahindi, nimeuza maandazi, kisha nikawa mkalimani na msaidizi wa utafiti wa Idara ya Teknolojia ya Habari za Biashara ya chuo kikuu kule Mbarara. Mwaka jana nilistaafu. Jina la idara ni refu, nakubali. Mtu wa boda akiniuliza nafanya kazi wapi, nilikuwa nikianza kulitaja sokoni namaliza tumeshapita kanisa. Baadaye nikajifunza kusema, "Tunaangalia watu wanafanyaje biashara na simu zao." Hapo kila mtu alielewa, na kila mtu alianza kunieleza simu yake ina ugonjwa gani.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Bitariho. Alikuwa mwanajeshi wa mawasiliano, alistaafu kutoka kambi ya Mbarara akiwa na goti bovu na sauti ambayo haikustaafu. Idara ilimwajiri awe msimamizi wetu uwanjani. Alikuwa akipita nyuma yetu, nyumba kwa nyumba, kuhakikisha tulichoandika ndicho kilichopo. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshi, kifupi, na kila neno lilisimama wima.

Kosa langu kubwa la kwanza lilikuwa ujuaji. Nilikuwa nawajua watu wa mtaa wangu, basi nikaona kuwauliza ni kupoteza muda. Dodoso linauliza, "Je, unatumia simu katika biashara yako?" Nikaandika "Hapana" kwa rafiki yangu Mama Zawadi, maana nilikuwepo siku simu yake ilipotumbukia kwenye sufuria ya maharage. Niliandika hivyo nikiwa nimekaa kwangu, nakunywa chai. Kesho yake Mzee Bitariho akaenda kwake kuhakiki, na wakiwa katikati ya salamu kifua cha Mama Zawadi kikaanza kulia muziki wa kwaya.

Niliitwa mbio.

"Wewe mama," Mzee Bitariho aliniambia, "hii simu inalia ni ya nani?"

"Ni yangu," alijibu Mama Zawadi, akiitoa. "Baliniletea juzi. Mama Furaha hakuniuliza."

Mzee Bitariho aliifuta ile 'Hapana' yangu kwa kalamu. Kisha akasema maneno ambayo niliyabeba miaka yote: "Kitu hujaona na macho, hapana andika. Kitu umeona na macho, andika, weka saini, enda lala."

Vijana, yashikeni hayo maneno, lakini yasikilizeni vizuri, kwa sababu mimi niliyafuata yote bila kuacha hata moja, na yakanitumbukiza kwenye aibu nitakayowaeleza hapa chini.

Mzee alinifundisha mengine ambayo hamtayakuta kwenye semina. Usimhoji mtu maharage yake yakiwa karibu kuiva, atakujibu lolote ili uondoke. Ukipewa kiti, kaa hapohapo ulipowekewa hata kama kuna jua. Ukiletewa chakula, kula, lakini sahani ya pili usiikubali kabla ya swali la kumi, utasinzia. Tableti iweke ndani ya kavera, ule mfuko wa plastiki, na kavera ndani ya kavera nyingine. Na swali unalolitaka kweli kweli, liulize ukiwa umeshasimama kuaga. Mtu akiona unaondoka ndipo anaposema ukweli.

Enzi zetu za mwanzo ilikuwa karatasi. Tulizibeba kichwani kwenye boksi la sabuni. Ng'ombe mmoja upande wa Endiinzi alinilia kurasa sita za utafiti wa uzamili, na mwenye ng'ombe akadai tumlipe sisi, eti karatasi za serikali zitamuumiza tumbo. Tableti zilipokuja tukapiga vigelegele, hatukujua kwamba na zenyewe zina mambo yake. Kabla ya kila mahojiano tableti ilitaka kujua uko wapi duniani. Ilikubidi usimame mahali pa wazi, uinyanyue juu, usubiri ipate setelaiti zake. Siku moja nimesimama karibu na kanisa letu, mikono juu, macho juu, midomo ikihesabu setelaiti polepole. Mwinjilisti akapita. Akavua kofia, akasimama kando yangu, naye akainua mikono. Wakaja wamama wawili, kisha wanne. Mtu akaanza wimbo. Mimi siwezi kushusha mikono, setelaiti ziko tano tu, na nikishusha zinarudi sifuri. Zilipofika nane nikapaza sauti, "Asante!" na wote wakaitikia, "Amina!" Tangu siku ile mwinjilisti aliniheshimu sana, na mimi sikuona sababu ya kumsumbua kwa maelezo.

Sasa nije kwenye jogoo.

Mzee Bitariho alikuwa ameshapumzika kwao, goti limemshinda, na nafasi yake nimepewa mimi. Mhadhiri mmoja wa idara, binti kijana, Mwalimu Atuhaire, aliyekuwa akikaa Kamukuzi na akija Nakivale na begi kubwa kumzidi, alikuwa na utafiti alioutolea jasho miaka mitatu. Aliuita Soko la Simu. Mfanyabiashara wa Nakivale anapigiwa picha bidhaa iliyo mezani kwake, picha inaonekana kwenye simu ya mteja aliye Mbarara, mteja anabonyeza anachotaka, mwuzaji anabonyeza "Ndiyo", mteja anakuja kuchukua. Swali la utafiti lilikuwa hili: je, mtu wa mjini anaweza kuamini bidhaa ambayo hajaigusa? Ili aamini, kila picha iliambatana na fomu yenye maneno "Imeonekana kwa macho", na chini yake saini ya msaidizi wa utafiti. Saini hiyo ilikuwa yangu.

Tulichagua safu moja ya sokoni, meza kumi na nne, wamama kumi na wanne, wote wakulima na wachuuzi wadogo kama mimi. Idara iliwapa simu za majaribio. Mwalimu alinipangia siku ya kupiga picha, meza hadi meza.

Asubuhi hiyo Mama Zawadi alikuja kwangu kabla sijafunga kamba za viatu. Alikuwa ametoka kuugua malaria na meza yake ilikuwa na vipande vinne vya sabuni na dagaa wa kujaza kikombe.

"Mama Furaha," alisema, "mezani kwangu hakuna kitu. Utanipiga foto ya nini? Ya mbao?"

"Nitapiga kilichopo, rafiki yangu."

"Hapana, sikia. Unipatie ule jogoo yako, Shefu, akae pale kidogo tu. Mugeni hawezi kukuta meza mutupu. Hata weye unajua."

Nilijua. Na hapa lazima niwaeleze nyinyi mliokulia mjini. Kwetu, wakwe wakija kumposa binti wa jirani, wewe unatoa viti vyako, mwingine anatoa sahani, mwingine kitenge cha kufunika meza. Mgeni anakuta nyumba imejaa, anafurahi, anaondoka, kila mtu anachukua chake. Hakuna anayesema kiti hiki si cha huyu. Anayesema hivyo ndiye mtu mbaya. Nakivale tulikuja na desturi hiyo kwa sababu haikuwa nzito kubeba.

Shefu alikuwa jogoo wangu. Mweupe mwili mzima, mkia mweusi, kilemba chekundu kimelala upande. Mayai yalikuwa tisa, akaanguliwa yeye peke yake, na alikulia ndani ya lile beseni nililotoka nalo nyumbani. Kuna miezi niliyokuwa sina sababu ya kuamka asubuhi, na yeye aliniamsha hivyohivyo. Nilimpenda. Semeni mnavyotaka, nilimpenda yule ndege, na sikuwahi kukubali kumwuza hata Krismasi.

Basi nikampeleka, nikamfunga kamba mguuni, akasimama juu ya meza ya Mama Zawadi akaiangalia kamera kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo. Nikapiga picha. Fomu ikaniuliza: Imeonekana kwa macho? Nimemwona. Nikaweka saini.

Meza ya pili mwenyewe alikuwa na viazi vizuri, lakini alinuna. "Kwa Mama Zawadi kuko jogoo. Kwangu bageni bakute viazi tu? Miye nilikukosea nini?" Nikaona ni haki. Shefu akahamia meza ya pili. Nimemwona kwa macho, saini. Meza ya tatu ikamtaka pamoja na kitenge cha meza ya pili. Meza ya tano ikataka jogoo, kitenge, na beseni la nyanya la meza ya nne. Kufikia meza ya tisa, msafara wetu ulikuwa mkubwa kuliko wa mkuu wa wilaya: mimi mbele na tableti, nyuma jogoo, vitenge, nyanya, mizani, na wamama wanasaidiana kupanga. Meza ya kumi na moja Shefu alichoka, akakaa chini. Tulimpa maji, tukampiga picha ya upande mwingine ili apumzishe shingo. Meza ya kumi na nne walimvalisha utepe.

Saini kumi na nne. Niliandika nilichokiona, niliona nilichoandika. Nikaenda nikalala, kama Mzee alivyoagiza.

Wiki za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Watu wa mjini waliagiza maharage, wakaagiza nyanya, meza ikipungukiwa jirani alijazia, mteja akaondoka ameridhika. Mwalimu Atuhaire alifurahi mpaka akaanza kula, maana kabla ya hapo alikuwa akiishi kwa soda. Akaniambia mkuu wa idara yake atakuja Nakivale mwenyewe kuona. Kama ataridhika, simu zinabaki na utafiti unaendelea. Kama hataridhika, simu zinarudi Mbarara, sisi wasaidizi watano tunarudi mashambani, na yeye Mwalimu anaanza upya kutoka ukurasa wa kwanza.

"Miaka tatu, Mama Furaha," alisema. "Sina ingine ya kutoa."

Siku ya ugeni ilipofika, nilikuwa nafagia uwanja wangu asubuhi, Mama Zawadi akaja anatabasamu.

"Unipatie Shefu. Kuko mama wa Mbarara alimuona mu simu, anamutaka. Nilishaka bonyeza Ndiyo. Tutamubadilisha na mwingine, hatajua."

Nikamwambia hapana, Shefu hauzwi, lakini tutatafuta mwingine. Hazijapita dakika tano, akaja mama wa meza ya pili. Naye kuna mteja. Naye kabonyeza Ndiyo. Wa tatu nilimkuta mlangoni. Wa nne na wa tano walikuja pamoja wakiwa wameshaanza kugombana njiani. Hapo ufagio ulinidondoka. Nikachukua tableti, nikafungua maagizo.

Mteja alikuwa mmoja. Mke wa sajini mmoja, anaishi kambini Mbarara, binti yake anaolewa. Ametazama meza zote, akapenda, na akaagiza jogoo mmoja kutoka kila meza ili asilete wivu. Chini aliandika ujumbe: amefurahi sana kupata majogoo kumi na wanne wanaofanana, weupe wenye mikia myeusi, wanaonekana kama wamevaa yunifomu. Anakuja kuwachukua leo na pikapu.

Nilimpigia Mwalimu. Alipokea akiwa kwenye gari na wageni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda mchezo.

"Mama Furaha! Umeona? Oda kumi na nne, zote ziko konfamu! Mkuu ataona na macho yake!"

"Mwalimu, kuhusu hao jogoo..."

"Netiweki inapotea! Tuko karibu!"

Vijana, nikapiga hesabu. Nikisema, nitawaaibisha wamama kumi na wanne ambao kosa lao ni kutaka kupokea wageni vizuri, na nitambomoa Mwalimu mbele ya bosi wake. Nisiposema, kuna pikapu inakuja.

Waliwasili karibu pamoja. Mkuu wa idara alikuwa profesa mzee, mkimya, aliyevaa koti katika jua lile. Mwalimu Atuhaire alikuwa amebeba madodoso yake kifuani. Na Mama Sajini, jina tulilompa palepale na akalikubali, alishuka kwenye pikapu na matenga matupu, akasalimia kwa Kinyankore, akajipanguza vumbi, akatangaza utaratibu.

"Kwanza inspekshen," alisema. "Halafu kupakia. Mimi sipakii kitu sijakagua."

Wamama wakatazamana. Nikaona matumaini yanawaingia machoni, na nikajua kitakachofuata kabla hakijafuata.

Shefu alikuwa meza ya kwanza, Mama Zawadi alishamchukua uwanjani kwangu nikiwa kwenye simu. Mama Sajini akamshika mbawa, akampima kifua kwa vidole, akasema, "Hii sawa." Mwalimu akaweka tiki. Mama Sajini alipogeuka kumwambia dereva jambo, Mama Zawadi alimshusha Shefu chini ya meza, mkono mwingine ukampokea, na meza ya pili ikawa na jogoo.

"Hii pia sawa," alisema Mama Sajini. "Banaange, zimefanana!"

Mwalimu akaweka tiki. Kwenye meza ya tatu Shefu alifika akiwa na jani la kabichi kichwani. Meza ya nne alichelewa kidogo, na mwenye meza akasema, "Anakuya, alienda kunywa mayi." Akaja. Akakaguliwa. Tiki. Profesa alikuwa akitazama yote hayo mikono nyuma. Meza ya tano tulisikia jogoo akiwika kutoka uvunguni, kwa sauti ya malalamiko, na wamama watatu wakaanza kukohoa pamoja.

Meza ya sita nilimwona Shefu usoni. Mdomo wazi, ulimi nje, kilemba kimepauka. Alinitazama mimi. Na pembeni yake nikamwona Mwalimu Atuhaire anaweka tiki ya sita, anatabasamu kwa miaka yake mitatu. Nikashindwa.

"Mwalimu, simama," nilisema. "Usiandike tena. Jogoo ni mmoja. Ni wangu. Picha zote kumi na nne ni yeye, na saini zote ni zangu. Hawa wamama hawana kosa, mimi ndiye niliyempeleka."

Kalamu ya Mwalimu ilibaki hewani. Nilitamani tope lile la siku ya kwanza linimeze, safari hii na miguu yote miwili.

Kisha Mama Zawadi akasimama. "Basi na sabuni ya meza ya nne pale, ni ya kwangu," alisema.

"Na kitenge ya meza ya tatu ni ya kwangu," akasema wa pili.

"Beseni ya nyanya ni yangu, ilipita meza nane."

"Mizani ni yangu."

"Ile meza yenyewe ya mwisho ni yangu, yeye alikuwa anauzia chini!"

Walisimama wote kumi na wanne, kila mmoja anadai chake kilichokuwa kwa mwingine, na ilipoisha tukaona hakuna meza hata moja iliyokuwa na vitu vya mwenyewe peke yake. Mimi nililia, lakini nilikuwa pia nacheka, na pua ilikuwa inafanya kazi mbili.

Profesa akamgeukia Mwalimu. "Kwenye dodoso lako, swali la bidhaa ni ya nani, majibu ni yapi?"

Mwalimu akafungua ukurasa. "Yangu. Ya mume. Ya mkopo."

"Ya jirani?"

"Haiko."

Profesa akatikisa kichwa, akamwuliza Mama Zawadi kwa upole, "Mama, sasa hii meza ni ya nani?"

"Ni yetu sisi bote, Papa. Leo mugeni yuko kwangu, kesho atakuwa kwake. Sasa kama kila mutu anabaki na kidogo yake, mugeni ataona nini?"

Mzee yule alikaa juu ya tenga la Mama Sajini, akavua koti, akasema, "Atuhaire, uliuliza kama mtu wa mjini ataamini meza. Umechora meza kumi na nne. Hapa iko moja, ndefu. Rudi uandike hiyo." Akaongeza kwamba simu zibaki mpaka amalize.

Mwalimu alikaa chini palepale kwenye vumbi. Sijui kama alikuwa analia au anapumua.

Lakini Mama Sajini hakuwa mtu wa idara. "Nyinyi wasomi," alisema, mikono kiunoni, "wageni yangu hapana kula risachi. Kuku iko wapi?"

Hapo ndipo mngeona Nakivale. Wamama walitawanyika mitaani, tukasikia mbio na makelele nyuma ya nyumba, na kabla jua halijapinda walirudi na ndege kumi na watatu: majogoo wanane wa rangi zote, mitetea mitatu, bata mmoja, na batamzinga aliyekuja kwa miguu yake akiwa na hasira. Mama Sajini aliwakagua mmoja mmoja. Alimkataa bata, akamtazama tena, akamkubali. Kisha akanyoosha kidole.

"Na ile. Ile ndio niliona kwa simu. Bila ile, mimi nadanganywa."

Ilikuwa kweli. Saini ilikuwa yangu. Nilimfungua Shefu kamba, nikampa maji mara ya mwisho, nikamweka ndani ya tenga kwa mikono yangu. Pikapu ilipopanda kilima aliwika mara moja. Mama Zawadi alinishika mkono mpaka nyumbani, na kesho yake asubuhi nilichelewa kuamka.

Mwalimu Atuhaire hakuniongelesha wiki mbili. Wiki ya tatu alikuja na dodoso jipya, lenye mstari wa jirani, akaniambia, "Tuanze, Mama." Safu yetu ilifanywa duka moja kwenye simu, lenye picha moja ndefu, na mteja akiagiza, wamama wanaamua wenyewe nani atoe nini. Zile kurasa zangu kumi na nne zilitolewa kwenye ripoti, kwa kuwa zilikuwa data mbovu. Na mimi nataka mzikumbuke mnapojaza fomu zenu. Mzee Bitariho alisema andika ulichokiona kwa macho. Sawa. Ila geuka nyuma pia, uangalie kama ulichokiona kinakufuata.

Nilipostaafu, idara ilinialika Mbarara. Kulikuwa na soda na keki, na saa ya ukutani iliyofungwa kwa karatasi ya maua. Mwalimu, ambaye sasa ni Daktari Atuhaire, akaniuliza kama kuna kitu kingine ninachotaka. Nikamwambia, zile kurasa mbovu, kama bado hamjazichoma. Alikwenda stoo, akarudi na boksi na vumbi kwenye nywele. Tulikaa wawili tukazitazama moja moja, na kwenye ile ya utepe tukashindwa kuendelea.

Sina picha nyingine ya Shefu. Nimezibandika zote ukutani sebuleni, safu moja, na saini yangu chini ya kila moja. Wageni wakiingia huzitazama kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha huniuliza kama kweli niliwahi kuwa na majogoo kumi na wanne wazuri namna hiyo.

Ninawawekea kiti, ninawaletea chai, na ninawajibu ndiyo.